Babu Reli na Karavati la Nyunzu

(Muziki wa kufungulia. Unashuka taratibu.)

Wewe unayesoma karatasi hii kwenye ubao wa matangazo kwa sababu redio yako haina betri, au kwa sababu kipindi kilipita ukiwa kwenye foleni ya maji, karibu. Leo sina tangazo la mgao wala la chanjo. Leo nataka kukusimulia habari za reli.

Najua unacheka. Reli hapa Nyarugusu iko wapi? Mimi mwenyewe nimezaliwa humu kambini, nina miaka 24, na sijawahi kuona treni kwa macho yangu. Uvinza kuna stesheni, Kigoma kuna stesheni, lakini kutoka hapa kwenda huko kunahitaji kibali, na sijasikia mtu aliyepewa kibali cha kwenda kutazama treni. Kwa hiyo nitakayokuambia nimeyapata kwa mzee mmoja wa zoni yetu, pamoja na machache niliyojifunza shuleni. Mzee ameniomba nisitaje jina lake. Watoto wanamwita Babu Reli, nami nitamwita hivyo hivyo.

Hakuja studio kuhojiwa. Alikuja kutulalamikia mlingoti wetu wa spika, ule uliopo karibu na soko. Alisimama mlangoni na fimbo yake, akavua kofia, akaniambia: "Mjukuu wangu, mlingoti wenu una nati iliyolegea. Nimeisikia tangu juzi, upepo ukivuma." Fundi wetu alicheka. Babu Reli macho yake hayaoni vizuri, ataionaje nati iliyo juu ya mlingoti? Lakini kwa heshima ya mzee fundi akapanda, akakuta si nati moja, ni mbili, zinazunguka kwa vidole. Aliposhuka hakucheka tena. Nikamuuliza mzee amejuaje. Akajibu, "Nilifundishwa kusikiliza chuma."

Siku ile ile nilibeba kinasa sauti, nikamfuata hadi nyumbani kwake.

(Sauti: fimbo inagonga bomba mara tatu.)

Wewe uliyetoka Kalemie, Nyunzu, Kabalo, Kongolo au Kindu unaijua reli ninayoisema. Inaanzia ziwani Kalemie, mji ambao zamani uliitwa Albertville, inafuata mto Lukuga unaotoa maji ya ziwa, halafu inafika Kabalo kwenye mto Lualaba. Ni kilomita 273. Wabelgiji waliifikisha ziwani mwaka 1915. Upande wa huku Wajerumani walikuwa wameshafika: walianza Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Yaani reli mbili zilikuja kutazamana juu ya maji, moja huku, moja kule, karibu wakati mmoja, na waliozijenga walikuwa vitani wao kwa wao. Sisi tuliovuka ziwa hili tukikimbia tunaweza kuelewa kwamba watu wa huku na watu wa kule hawakuulizwa.

Hata meli ya Liemba ni mtoto wa reli. Ndugu zangu wa Burundi mnaijua, kwa sababu mwaka 2015 wengi wenu iliwatoa Kagunga ikawaleta Kigoma. Meli ile ilijengwa Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikawekwa kwenye masanduku, ikapanda treni kutoka Dar es Salaam na kuunganishwa Kigoma. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916 ili adui asiichukue. Waingereza wakaitoa majini, na mwaka 1927 ikaanza kazi upya kwa jina la Liemba. Babu Reli anasema kila akiiona alikuwa akiisalimu kama mfanyakazi mwenzake.

Nilimuuliza swali la kitoto: kama reli zinatazamana, kwa nini treni ya Kigoma isipakiwe kwenye meli, ikavushwa, ikaendelea na safari Kalemie? Alifurahi sana kuulizwa. Akaninyoshea mkono, akaniwekea vidole vinne mezani. "Tofauti ni hii hapa," akasema. Reli ya Kigoma ina upana wa mita moja kamili kati ya chuma na chuma. Ya Kalemie ina milimita 1,067. Zamani nayo ilikuwa ya mita moja, lakini katika miaka ya 1950 waliipanua ili iungane na reli za Katanga. Baba yake alikuwa kwenye genge lililofanya kazi hiyo. Waling'oa misumari, wakakisogeza chuma, wakapigilia tena, taruma baada ya taruma. Milimita 67, upana usiofika vidole vinne vya mwanamume, na kwa sababu ya upana huo behewa la huku haliwezi kusimama kule. Nilimwambia sasa Tanzania inajenga reli nyingine, pana zaidi, milimita 1,435, na tangu mwaka 2024 treni za umeme zinabeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma. Akatikisa kichwa. "Umeme! Basi hakuna wa kubeba kuni."

Maana yeye alianza kwa kubeba kuni.

Ilikuwa mwaka 1968, akiwa na miaka 18, pale Nyunzu. Vita vya miaka ile vilikuwa vimepita, baba yake alikuwa amefariki, na baba yake mdogo akampeleka kwa kapita wa genge la reli. Kapita, kwa ndugu zangu wa Tanzania, ni mnyapara. Kapita akamtazama, akasema: mshahara hakuna, nafasi hakuna, lakini kijana akitaka aje, macho yake yataona na mikono yake itajifunza. Akaenda. Alifanya kazi mwaka mmoja na nusu bila kulipwa.

Alibeba kuni za mashine ya moshi iliyokuwa ikipanga mabehewa. Aliteka maji. Kila jioni alisafisha vioo vya taa kwa majivu na kitambaa, kwa sababu taa yenye masizi dereva haioni. Alibeba spana na nyundo nyuma ya wakubwa, na njiani ndiko alikofundishwa. Kapita alikuwa akigonga reli, halafu anamuuliza: "Inasema nini?" Reli iliyokazwa vizuri inaimba. Iliyolegea inakohoa. Kati ya kipande cha reli na kipande kingine huachwa nafasi ndogo, kwa kuwa chuma kikipigwa na jua kinarefuka, na kisipopata pa kwenda kinajikunja kama nyoka. Gurudumu likipita juu ya nafasi ile ndipo unasikia ule mdundo wa treni, ta-tak, ta-tak. Babu Reli aliweza kulala usingizi kwenye behewa na kuamka mdundo ukibadilika. Mpaka leo anagonga mabomba ya maji ya hapa kambini akipita. Kama umewahi kumwona ukadhani akili imechoka, sasa umejua.

Nilimuuliza alikuwa akila nini, mtu asiye na mshahara. Hapo ndipo alipochangamka kuliko mahali pote, na nimekata dakika nyingi za kinasa kwa sababu kipindi hakitoshi. Treni ya kutoka ziwani ilikuja na samaki wakavu. Dagaa na migebuka, ile ambayo Warundi mnaiita mikeke. Anasema watoto wa Nyunzu walijua treni imekaribia kwa pua kabla ya masikio. Treni ya kurudi ziwani ilibeba mahindi, mihogo na mafuta ya mawese. Wanawake walijipanga kando ya mabehewa na sinia vichwani, treni ikisimama robo saa soko linafunguka, ikipiga honi soko linafungwa. Mama mmoja muuza muhogo wa kuchoma alikuwa akimwachia kipande kila siku bila kusema neno, kwa sababu alimwona akibeba kuni na kujua halipwi. Mama huyo hakuwahi kumuuliza jina. "Ule muhogo," aliniambia, "nikila muhogo wa leo nautafuta ule."

Na siku moja dereva alimpandisha mbele, karibu na moto, mpaka Kalemie. Ndiyo mara ya kwanza aliliona ziwa. Alidhani ni mbingu imeshuka. Akatia kuni njia nzima, mikono ikapasuka, na hata leo anaifungua mikono ile kukuonyesha, ingawa alama zimeshapotea.

Vijana wenzangu, hapa nilimkatiza. Nilimwambia ukweli: Babu, siku hizi sisi tunasema kujitolea ni kuliwa. Mimi najitolea hapa redio mwaka wa tatu, napewa posho ndogo ambayo mwezi ukianza imekwisha, rafiki zangu wananiuliza nafuata nini. Wewe ulifanya kazi bila hata posho, halafu unazisimulia siku zile kama harusi. Kwa nini? Nilitegemea atanipa maneno ya wazee, uvumilivu na kadhalika. Alinyamaza muda mrefu. Kinasa kimerekodi kuku tu. Halafu akasema, "Washa vizuri chombo chako. Nitakuambia kitu ambacho mke wangu hakukijua."

(Kimya cha sekunde tano. Fundi, usikijaze kwa muziki.)

Ulikuwa msimu wa mvua. Reli ile ni ya njia moja, treni za kwenda na za kurudi zinapita juu ya chuma kile kile, kwa hiyo treni haiondoki stesheni mpaka stesheni ya mbele ijibu kwa simu kwamba njia ni tupu. Na wakati wa mvua kubwa kuna jambo la pili: mtu lazima atembee na taa aikague njia kwa macho, hasa kwenye karavati, pale maji yanapopita chini ya reli. Usiku ule kapita alikuwa amelala na homa ya malaria. Wenzake wawili walikwenda upande wa Kabalo. Upande wa Kalemie, kilomita nane mpaka kwenye karavati, wakampa yeye. Mara ya kwanza kupewa kazi ya mtu mzima.

Alitembea. Mvua ikampiga, taa ikazimika mara mbili, akaiwasha kwa shida. Kuna jiwe kila kilomita, na alipofika jiwe la saba radi ikapiga mti karibu naye. Aliogopa. Akajiambia njia yote hii nimeiona nzima, kilomita moja iliyobaki itakuwaje mbovu. Akageuka.

Stesheni, shefu akamuuliza: "Umefika karavatini?" Akajibu: "Nimefika."

Shefu akapiga simu. Treni ya abiria iliyokuwa ikisubiri ikapewa ruhusa, ikaondoka kuelekea Kalemie na watu ndani, akina mama, watoto, kuku. Akabaki amekaa juu ya rundo la kuni, analoa, anasikiliza. Anasema hajawahi kusikiliza chuma kama usiku ule. Mdundo ukawa mdogo, ukawa mdogo zaidi, ukapotea. Baada ya hapo akawa anaingoja simu. Kama stesheni ya mbele ikipiga, treni imefika. Alihesabu mataruma kichwani, akifika 100 anaanza upya. Ilipolia karibu na alfajiri, miguu haikumnyanyua. Shefu ndiye aliyemwambia, huku akipiga mwayo: imefika, nenda ukalale.

Hakulala. Palipopambazuka alirudi peke yake, akapita jiwe la saba, akaenda mpaka karavatini. Maji yalikuwa yamekula kokoto zote chini ya mataruma matatu. Reli ilikuwa inaning'inia hewani kama ngazi. Treni ilikuwa imepita juu yake.

Alikimbia kilomita zile nane akapiga kelele, genge likatoka, treni ya mchana ikazuiwa, wakajaza mawe mpaka jioni. Na sasa sikiliza, au soma polepole. Wote walidhani maji yalikuja baada ya yeye kukagua usiku. Walidhani ni kijana hodari, aliyekwenda usiku, na alfajiri akaenda tena bila kutumwa. Shefu alimsifu mbele ya genge zima. Mwezi uliofuata nafasi ikapatikana, na mwaka 1969 akaandikwa kazi ya mshahara. Miaka 29 alifanya kazi ya reli, mpaka vita vya mwaka 1998 vilipomvusha ziwa. Aliowa kwa mshahara ule. Alisomesha watoto kwa mshahara ule.

"Kila mtu aliyenisifu," alisema, "alikuwa anasifu kilomita moja ambayo sikuitembea."

Nilimuuliza kama alimwambia kapita. Hapana. Kapita alikufa baada ya miaka michache, na Babu Reli anasema alibeba jeneza upande wa mbele, na siku ile pia alinyamaza. Alichofanya ni kwamba tangu asubuhi ile, kila mvua kubwa iliponyesha, awe zamu au asiwe zamu, aliamka akaenda mpaka karavatini, akaweka mkono juu ya chuma. Hakuna aliyemlipa kwa hilo. Wenzake walimcheka, walisema ana mwanamke huko. Na hizo ndizo siku anazozikumbuka kwa furaha kuliko zote, kutembea usiku juu ya mataruma, vyura wanapiga kelele, taa mkononi, akijua kwamba safari hii atafika.

Sasa na mimi.

Msimu wa mvua uliopita nilisoma hapa tangazo la mgao kwa zoni moja. Nisiseme ni zoni gani, wenyewe wanajua. Karatasi ilikuwa imeloa, tarehe ilisomeka vibaya, inaweza kuwa 12, inaweza kuwa 17. Utaratibu wetu ni kwenda kwa mwenyekiti wa zoni kuhakikisha kabla ya kusoma. Kwa mwenyekiti ni dakika 20 kwa miguu. Mvua ilikuwa inanyesha na simu yangu haikuwa na chaji. Nikasoma 12. Asubuhi ya tarehe 12 watu walikuja na magunia, na bibi mmoja aliyebebwa mgongoni na mjukuu wake, wakakaa mpaka saa kumi jioni mbele ya mlango uliofungwa. Baadaye ilisemekana tangazo lilibadilika. Nilisikia wakisema hivyo, nikaacha iwe hivyo. Halikubadilika. Ni mimi sikuhakikisha. Kama ulikuwa kwenye foleni ile, ni mimi. Naomba radhi kwako na kwa bibi yule, na nitakuja nyumbani kwenu mmoja mmoja kwa kadiri nitakavyowapata.

Nilimsomea Babu Reli sehemu hii kabla ya kuichapisha. Alisikiliza kama anavyosikiliza bomba. Akasema, "Sasa hii yangu usiikate." Sikuikata.

(Sauti: mzee anaimba mdundo wa treni kwa mdomo, ta-tak, ta-tak. Sekunde kumi.)

Jumamosi saa nne asubuhi Babu Reli atakaa nje ya studio kujibu maswali yako ya reli. Kama uliwahi kufanya kazi kwenye treni, Kongo au Tanzania, uwe ulikuwa fundi, mpishi au muuza muhogo kwenye stesheni, njoo mkae naye. Watoto waje pia, lakini msipande mlingoti.

Na ana ombi moja, nami nalipeleka kwako wewe uliyefika kambini miaka ya karibuni kutoka upande wa Nyunzu. Nyuma ya stesheni, upande wa kulia ukitazama Kalemie, aliotesha mwembe mwaka aliopata mshahara wa kwanza. Anataka kujua kama bado upo, na kama unazaa. Ukiuona au ukimjua aliyeuona, andika kwenye kikaratasi, tia kwenye sanduku la maoni. Kama umekatwa, andika pia. Amesema tusimfiche.

(Muziki wa kufungia.)